Nitolee Kivuli

Kabla ya jambo lolote, futeni kioo cha kamera. Salamu itangulie, maana hapa kwetu mtu hafunguliwi bahasha kabla hajajuliwa hali, lakini mkishaitikiwa tu, chukueni kitambaa laini mfute. Mimi niliwahi kukaa asubuhi nzima nikiskani vyeti vya watu huku kila herufi imevaa ukungu. Nikawaza macho yangu yameharibika. Nikawaza miwani, nikawaza hospitali, nikafika mpaka kuwaza ni mke gani atakayemkubali mume wa kushikwa mkono njiani naye hata miaka thelathini hajafika. Kumbe ni mafuta ya mahamri. Nilikuwa nimekula, nikapangusa vidole kwa haraka, nikashika simu.

Nawaandikia nyinyi mtakaoikalia meza hii baada yangu. Iko kwenye baraza ya duka la Bwana Nanji hapa mjini Kilifi, duka la kalamu, madaftari na bahasha. Zamani ndani kulikuwa na mashine ya fotokopi. Ilipokufa, Bwana Nanji hakuwa na moyo wa kununua nyingine, na mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu mkononi, kazi sina, ila nina simu yenye kamera nzuri. Akanipa meza na kiti. Watu waje na karatasi zao, mimi nizipige picha, nizinyoshe, nizifanye faili, nizitume zinakotakiwa, iwe ni vyuoni, kwa waajiri au kwa ndugu walio mbali.

Sasa nimepata kazi ya kuajiriwa kule Malindi, kwa hiyo nastaafu. Bi Zuhura, anayeuza mahamri na mbaazi kwenye baraza hii hii, amelikataa neno hilo. Anasema anayestaafu ni mtu mwenye mvi na magoti yanayolia. Nilimwonyesha mvi zangu juu ya sikio. Akazichungua, akasema hizo ni za wasiwasi, haziingii katika hesabu.

Huenda ni kweli. Kazi hii ina wasiwasi wake, na sitawaficha. Mtu anakupa cheti alichokitafuta miaka, wewe unakigeuza picha, unabonyeza neno "tuma", kisha hukioni tena. Kimefika? Kimefika kwa nani? Mimi nilikuwa nabonyeza, halafu nasoma tena jina la niliyemtumia, halafu nalisoma mara nyingine kama vile litakuwa limebadilika. Kwa muda mrefu niliona ni ugonjwa. Siku hizi naona ni sehemu ya kazi, kama vile fundi cherehani apimavyo kitambaa mara mbili. Someni jina tena, hamtakufa.

Majina yenyewe yana mtego wake huku kwetu. Mtoto wa kwanza hupewa jina la babu yake. Kazungu Charo akizaa mwana, humwita Charo. Huyo sasa ni Charo Kazungu. Charo Kazungu naye akizaa, mwana huwa Kazungu Charo, sawasawa na babu yake, herufi kwa herufi. Basi kaja kwangu mtu na mjukuu wake, kila mmoja na karatasi zake, nami nikaziita faili zao kwa majina yao. Simu ikaniuliza kama nataka kuweka faili mpya mahali pa ile ya zamani. Nikakubali. Jioni ile shule moja ya sekondari ilipokea kadi ya kliniki ya macho ya mzee, pamoja na ombi la kulala bwenini. Mwalimu alipiga simu kuuliza mwanafunzi huyu ana miaka mingapi. Bahati alikuwa mtu wa mzaha, akasema kitanda kipo, ila aje na fimbo yake. Tangu hapo kila faili naipa jina la mtu, mahali atokapo na jina la karatasi yenyewe. Kazungu Charo Tezo cheti. Kazungu Charo Tezo macho. Fanyeni hivyo hivyo.

Jambo jingine nilifundishwa na Bwana Nanji. Siku yangu ya kwanza alikuja mama mmoja na karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kama sambusa. Nikanyosha mkono niikunjue. Bwana Nanji akakohoa. Mama alipoondoka akaniambia, "Wewe Digrii, karatasi ya mtu hufunguliwa na mwenyewe. Humo ndani kuna vitu havikuhusu." Nilidhani ni adabu za zamani tu. Baadaye nikaona watu wakikunjua vyeti na humo mnadondoka picha ya marehemu, hirizi, namba ya simu ya mtu asiyetakiwa kujulikana. Sasa namwachia mwenyewe. Mimi napokea kwa mkono wa kulia, tena ikiwa tayari imelala wazi.

Nilale hapo kidogo kwenye suala la kulala kwa karatasi. Meza ya Bwana Nanji ina kioo juu, na kioo hicho humeta. Picha zangu za mwanzo zote zilikuwa na doa jeupe katikati, kama mtu kamulika tochi. Nikaona afadhali nitandike leso ya mama yangu. Mmeto ukaisha. Lakini ile programu ya kuskani hutafuta kingo za karatasi yenyewe, na leso ina pindo, ina maua, ina jina, yale maneno ya kanga. Kijana mmoja aliniletea barua ya kuomba kazi katika hoteli moja ya Malindi. Nikaipiga, nikaituma, nikaenda zangu kula. Niliporudi nikaifungua tena ile faili, kwa ile tabia yangu ya kuhakikisha baada ya kutuma. Chini kabisa, baada ya "wako mtiifu" na jina lake, kulikuwa na maneno makubwa meusi: UMEKUJA KUNIONA AU KUNIKAGUA?

Siku mbili nilitunga barua za kuomba radhi kichwani, moja kwa yule kijana, moja kwa hoteli, moja kwa mama yangu mwenye leso. Siku ya tatu kijana akaja. Meneja alikuwa amempigia, akamwambia, "Mimi ndiye wa kuja kukukagua, au wewe utakuja nikukague hapa?" Akaenda, akakaguliwa, akapata. Mpaka leo yuko mapokezi, na watu wake wanaamini nilifanya makusudi.

Bi Zuhura ndiye aliyeleta dawa. Alikuja na buibui lake la zamani, jeusi tititi, lisilong'aa, lisilo na neno wala ua, akalitandika juu ya meza. Programu ikaona kingo nne za karatasi papo hapo, kama mtu aonavyo jino jeupe gizani. Bwana Nanji alitoka akatazama, akasema meza yake imeozwa na yeye hakuulizwa. Bi Zuhura akamjibu mahari aliyapokea, amesahau tu. Buibui hilo liko pale pale. Likunguteni kila asubuhi, maana vumbi jeupe juu ya nguo nyeusi huonekana kama maandishi, tena mabaya.

Na jua? Msipige picha kwenye jua la utosi. Msipige chini ya taa ya ndani, hutoa rangi ya manjano. Kaeni karibu na mlango, mwanga uingie mpana. Mkono usisimame baina ya mwanga na karatasi, kwa sababu adui mkubwa wa kazi hii ni kivuli.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifundisha. Sasa niwaeleze kuhusu Mzee Baya.

Mzee Baya ni mkulima wa Tezo, ana mihogo na minazi kidogo. Ujanani alifanya kazi Tanga, kwenye mashamba ya katani, akarudi na maneno ya huko. Alikuja na binti yake Dama, mwanamke mtu mzima, mwenye watoto wake, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisaidia kwenye zahanati moja, akisafisha vidonda na kubeba maji, kwa kuwa ana cheti kidogo cha uuguzi msaidizi. Alikuwa ameomba nafasi ya chuo ili awe muuguzi kamili. Chuo kilikuwa kimemkubali kwa mdomo, kilichobaki ni kuona kile cheti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nitolee kivuli cha cheti hiki, kiende chuoni."

Nikatazama cheti. Kweli, kivuli cha nguzo ya baraza kilikuwa kimekilalia begani. Nikamstahi mzee kwa kuwa na jicho. Nikakisogeza, nikapiga, kisha nikabonyeza kile kitufe cha programu kinachosafisha karatasi. Madoa yakaondoka, mikunjo ikaondoka, kila kivuli kikaondoka. Kilitoka cheupe kama kanzu ya Idi. Nikakituma nikiwa nimeridhika, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Juma lililofuata wakarudi, asubuhi, bila salamu ndefu. Chuo kilikuwa kimeandika kwamba cheti hakina muhuri. Kama Dama ana chenye muhuri akitume kabla ofisi haijafungwa siku hiyo, la sivyo nafasi yake apewe mwingine.

Hakukuwa na chenye muhuri cha kukifuata. Kile chuo kidogo kilichompa Dama cheti kilifungwa zamani, majengo yake sasa yanafugiwa kuku. Hicho alichokishika ndicho pekee duniani.

"Wanasema mwanangu ni mwizi wa vyeti," Mzee Baya akasema.

"Hawakusema hivyo, baba," Dama akamwambia.

"Hawakusema. Wameandika."

Nikakitandaza juu ya buibui, nikakikagua. Jina lipo, tarehe ipo, sahihi ipo. Muhuri sikuuona. Kichwa changu, mnakijua sasa, kilikuwa tayari kimefika mbali: je, kama kweli haukuwahi kuwapo? Nimwambieje mzee huyu? Nadhani Dama aliliona wazo hilo usoni mwangu. Hakukasirika. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyezoea wagonjwa wasioamini dawa, "Pitisha kidole hapo chini, kando ya sahihi."

Nikapitisha. Palikuwa na vipele. Ulikuwa ni ule muhuri mkavu, usio na wino, unaokandamizwa kwa chuma mpaka karatasi ikatokeza. Kidole kiliusoma duara zima. Jicho lilikuwa halioni ila weupe juu ya weupe.

Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Nilipiga picha, muhuri haumo. Nikatoka nayo nje kwenye jua, ukapotea kabisa. Nikawasha tochi ya simu juu yake, ikawa mbaya zaidi. Nikazima kile kitufe cha kusafisha, rangi zikarudi, mikunjo ikarudi, muhuri haukurudi. Watu wengine wenye karatasi zao walikuwa wamejaa barazani, na hakuna aliyelalamika. Walikuwa wamekwisha jua habari yote na kila mmoja ana shauri lake. Mmoja alisema tupake majivu. Mwingine alisema tupake wanja. Dama alikishika cheti chake kifuani mpaka mashauri yakapita.

Mzee Baya akaniuliza kwa nini mara ya kwanza kilitoka cheupe namna ile. Nikamweleza kwamba programu huondoa vivuli vyote ili karatasi isomeke.

"Na nani aliiambia iondoe?"

"Wewe, mzee. Uliniambia nikutolee kivuli."

Mzee akamgeukia Bi Zuhura, kama mtu anayepeleka shauri kwa kadhi. "Mama, huko Tanga karatasi ikizaa nyingine, ile ya pili huitwa kivuli. Mimi nikamwambia kijana anitolee kivuli. Na yeye, kweli, akanitolea kivuli."

Bi Zuhura aliuweka upawa chini. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Huyu alitaka kitoke kije," akasema, "na huyu akakitoa kikaenda. Lo, Kiswahili kitatuua." Dama naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wafike, na mzee alipomwona anacheka akalirudia lile neno kwa kila aliyekuwa barazani, akiligawa kama tende.

Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa natazama saa.

Wakati huo Bwana Nanji akatoka kufunga duka kwenda kula. Hufunga kila adhuhuri, hata dunia ikiwaka. Mlango wa duka lake una mbao mbili kubwa za zamani. Sisi tulikuwa tumeisogeza meza mpaka kizingitini, kwa upande wa ndani, tukitafuta mwanga. Akauvuta ubao mmoja. Mwanga uliokuwa ukituangukia mpana ukakatika, ukabaki mwembamba, ukiingia kwa ubavu, ukilala chini juu ya karatasi. Na pale kando ya sahihi kitu kikainuka. Kila kipele kilikuwa kimepata kivuli chake kidogo upande mmoja. Duara likatoka. Ndani ya duara zikatoka herufi.

"Bwana Nanji, simama hapo hapo."

"Nisimame nina nini? Chakula kinapoa."

"Usifunge zaidi. Rudisha kidogo. Kidogo tena."

"Wewe Digrii, mlango huu naufunga tangu babako hajaoa, leo unanifundisha?"

Lakini alisogea, akaona tunachokitazama. Aliushika ubao kwa mikono miwili, akawa anauvuta na kuusukuma upana wa kidole, na muhuri ukawa unazama na kuibuka kama kitu kinachopumua. Dama aliinama akaanza kusoma herufi, moja moja, jina la chuo chake kilichokufa. Alipofika mwisho wa duara alivuta pumzi ndefu.

Nilipiga picha. Nikapiga nyingine, na nyingine, kwa sababu ndivyo nilivyo. Na programu, kwa wema wake, ikaniuliza kama ingependeza iondoe kivuli.

Vijana, kidole changu kilisimama juu ya kile kioo. Vitufe viwili vilikuwa vimekaribiana sana, "ndiyo" na "hapana", na kidole chenyewe kilikuwa na jasho. Nilikifuta kwenye suruali. Nikabonyeza "hapana". Nikahakikisha. Nikamwonyesha Dama, akahakikisha. Nilipotaka kutuma akaniambia, "Nipe, nitume mwenyewe." Nikampa. Alibonyeza kwa haraka, mara moja, kama mtu achomaye sindano.

Bwana Nanji hakwenda kula. Chakula chake kililetwa, chapati na dengu, akakila akiwa ameketi kwenye kiti changu, na mara kwa mara aliniuliza kama bado, kana kwamba mimi ndiye chuo. Bi Zuhura aliwapa wageni mbaazi. Niliendelea na karatasi za wengine, lakini sikumbuki hata moja. Niliwaza muhuri huenda umeonekana kwetu kwa kuwa tulikuwa tunajua upo. Niliwaza huenda simu ya huko ofisini ina kioo kibovu. Niliwaza mengi.

Alasiri simu ya Dama ikalia. Alisoma, akampa baba yake, ambaye akaishika mbali, kisha karibu, kisha akanipa mimi kwa kuwa herufi zilikuwa ndogo. Nikaisoma kwa sauti. Cheti kimekubaliwa. Aje chuoni muhula ukifunguliwa.

Bi Zuhura alipiga vigelegele, na wanawake wenye karatasi zao wakampokea. Mtu mmoja aliyepita na baiskeli aliuliza nani anaoa. Dama alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, nadhani hata yeye.

Mzee Baya alingoja kelele zipungue. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Sasa nipe karatasi."

Nikamwambia hakuna karatasi, habari iko ndani ya simu, atawaonyesha nyumbani.

"Simu husomwa na mtu mmoja," akasema. "Karatasi husomwa na mji mzima."

Miaka yangu yote pale kazi ilikuwa kuitoa karatasi iingie kwenye simu. Hakuna aliyewahi kuniomba nirudi nyuma. Mashine ya dukani ni mfu. Bwana Nanji akaingia ndani, akatoka na karatasi nzuri yenye mistari na kalamu mpya, akaviweka juu ya buibui. Akaniambia niandike kwa mkono.

Sikuwa nimeandika kwa mkono tangu mtihani wa mwisho. Niliogopa kukosea jina, niliogopa mwandiko wangu kusomwa mbele ya mji mzima wa Tezo. Nikamwomba Dama anisomee maneno polepole, nami niandike. Akasimama kando ya meza, simu mkononi, akaanza. Kwa Dama Baya. Nikaandika. Tunafurahi kukuarifu. Hapo sauti ikamkatikia.

Mzee Baya alikuwa ameinama, kiganja nyuma ya sikio. Alimtazama binti yake, akanitazama mimi. "Rudia hapo," akamwambia. "Kijana hakusikia."

Nilikuwa nimesikia. Neno lenyewe lilikuwa tayari liko kwenye karatasi, wino haujakauka. Nikaliziba kwa kiganja.

"Ni kweli, dada," nikasema. "Sikusikia vizuri."

Akarudia. Mzee akaniangalia tena, nami nikatikisa kichwa kwamba bado.

Siku kama hiyo ikiwafikia hapo mezani, nanyi msisikie upesi.